Matabishi Yaingie Kamusini?

Jumamosi moja mchana, katika duka la vyakula la Matonge, hapa Brussels, nilinunua kilo mbili za unga wa muhogo na fungu la sombe, yale majani ambayo kwetu Tanga tunayaita kisamvu. Nilikuwa nafunga mfuko wangu pale mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alipomaliza kulipa, akanyoosha mkono na kumwambia muuzaji, "Mama, na matabishi yangu?" Muuzaji akachota konzi ya pilipili mbichi akaitia kwenye mfuko wa yule mwanamke. Hakupima wala hakuangalia.

Nilishtuka. Neno hilo nililijua kwa rafiki yangu wa Goma, na kwake lilikuwa na maana moja tu: hela anayoidai askari barabarani ili gari lipite. Sasa hapa lilikuwa pilipili, na aliyeitoa alikuwa anatabasamu.

Matonge ni mitaa michache karibu na Porte de Namur, upande wa Ixelles, iliyopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ile ya komuni ya Kalamu. Mwaka 1961 ilifunguliwa hapa nyumba ya wanafunzi iliyoitwa Maison Africaine, na kuizunguka kukaja saluni, maduka ya vitenge, migahawa na mazungumzo. Tangu 2018 kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Lugha inayotawala barazani ni Kilingala, lakini ukisikiliza vizuri utasikia Kiswahili cha Kivu, cha Katanga, cha Bujumbura, na chetu sisi wa pwani ambao husimama pembeni kidogo tukidhani chetu ndicho kipimo.

Nilimwomba yule muuzaji tukutane, yeye na watu wengine, tulizungumze neno hili. Tulikaa sita katika mgahawa wa Rue Longue Vie, mtaa wa Maisha Marefu. Hoja niliiweka mimi: matabishi ni Kiswahili, na yaingie kamusini. Wenzangu hawakutaka majina yao yaandikwe, kwa hiyo nimeandika miji yao.

MAMA WA BUKAVU: Naanza mimi, sababu duka ni langu. Matabishi ni ile unamuongezea mteja akisha kulipa. Kopo la unga nimelijaza, bei umelipa, tumemalizana. Sasa unaniambia, "Mama, matabishi," nami nakutilia konzi juu. Kule Kadutu, soko yetu ya Bukavu, muuzaji asiyetoa matabishi ni mutu wa roho mubaya. Kesho wanampita, wanaenda kwa jirani. Hapa nauza kwa mizani ya umeme, lakini watu wangu wakifika wanataka bado ile konzi. Njo Kiswahili chetu. Hakuna mutu alitufundisha kwa kitabu.

MZEE WA MOMBASA: Mama, nakuheshimu sana. Lakini mimi nimezaliwa Mji wa Kale, umri wangu ni miaka 74, na neno hili sikulisikia mpaka nilipofika nchi hii. Hiyo konzi sisi twaiita nyongeza. Na ukimpa mtu kitu kwa kuridhika na kazi yake, tuna bakshishi. Hilo ni neno lenye nasaba. Latoka Uajemi, kwenye kitenzi cha kutoa, na cha kusamehe pia. Waturuki wakalichukua, likasafiri na dola yao mpaka Bulgaria, Serbia na Romania. Wahindi wanalo, Waarabu wanalo, nasi tunalo. Mwenye neno kama hilo aokote la njiani kwa nini?

PAPA WA LUBUMBASHI: Nasaba, muzee? Na letu lina nasaba. Ni la Kireno: mata-bicho. Mata ni ua, bicho ni mdudu. Wareno waliamini tumboni mwa mtu kuna mdudu, anaamka asubuhi pamoja na mwenyewe, anatafuna. Ukinywa tone la pombe kali kabla hujala, umemuua. Wafaransa nao wanasema kuua mnyoo, maana hiyo hiyo, glasi ya asubuhi. Brazil mpaka leo mata-bicho ni tone la cachaça. Wareno walifika mdomo wa mto Kongo na Diogo Cão miaka ya 1480, muzee. Neno hili halikuokotwa juzi.

Hapa nilimkatiza Papa, kwa sababu kuna jambo lilinijia. Pwani mnyoo wa tumboni tunauita mchango. Na mchango ndiyo zile fedha tunazotoleana kwenye harusi na misiba. Wataalamu watasema ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na nakubali. Lakini nilipomsikia Papa akieleza jinsi ua-mdudu lilivyogeuka kuwa fedha mkononi, niliona kwamba kwetu mdudu na fedha vilishazoeana zamani.

KIJANA WA MTWARA: Shikamooni wazee wangu. Mimi nitaharibu kidogo. Nimewahi kuvuka Ruvuma kwenda Palma, upande wa Msumbiji. Pale matabicho ni chakula cha asubuhi, basi. Mkate, chai, muhogo wa kuchemsha. Hakuna pombe, hakuna hela, hakuna kuongezewa. Wanacho na kitenzi chake, matabichar, yaani kustaftahi. Mwenyeji wangu aliniuliza kama nimeshamuua mdudu, nikamwangalia miguuni. Angola nako ni hivyo hivyo. Kwa hiyo neno moja: kwa Mama ni pilipili, kwa rafiki yake mwandishi ni askari, na kwa jirani zangu ni mkate.

DADA WA KISUMU: Asante, umenipa hoja yangu. Sisi tunaitaje chakula cha asubuhi? Chai. Mtu akikuuliza kama umekunywa chai, anauliza kama umekula. Na polisi akitaka rushwa anaomba nini? Chai. Mnaona? Neno la Kireno limetoka kwenye meza ya asubuhi likaenda kusimama barabarani Goma. Neno letu limetoka kwenye meza ile ile likaenda kusimama barabarani Kisumu. Hayakuambiana. Mimi nilipokuwa nafuatilia karatasi za marehemu mama yangu, karani mmoja aliniuliza, "Hujaniletea chai?" Kikombe kilikuwa mezani kwake, kimejaa, kinatoa mvuke. Siku hiyo nililipa. Mpaka leo nikiona kikombe kimejaa namkumbuka yule. Kwa hiyo nakataa. Msilete kamusini neno jingine tamu la kufunikia kitu kichungu. Tuna chai, tuna kitu kidogo, ambacho Eric Wainaina alilazimika kukitungia wimbo mwaka 2001. Tumetosheka.

PAPA WA LUBUMBASHI: Na Kinshasa wanasema madeso ya bana, maharagwe ya watoto.

DADA WA KISUMU: Basi! Maharagwe ya watoto! Nani atamnyima mtoto maharagwe? Ndiyo hila yenyewe. Anayekuomba hakuombi fedha, anakuomba chakula, na wewe umelelewa usimnyime mtu chakula.

Hoja ya Dada ilitutuliza wote kwa muda. Niliona ni hoja nzito kuliko zote zilizosemwa mpaka pale, ila ina ufa mmoja, na ufa huo uko hapa hapa Brussels. Mji huu una lugha mbili rasmi; mtaa tuliokaa umeandikwa jina lake kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Hela unayomwachia mhudumu kwa Kifaransa ni pourboire, ya kunywea. Kwa Kiholanzi ni drinkgeld, fedha ya kinywaji. Watu wa Brussels wanaosema Kifaransa wakalisikia hilo la Kiholanzi kwa jirani zao, wakalikunja midomoni mwao likawa dringuelle, na mtoto wa hapa anaweza kupewa dringuelle na bibi yake siku ya mwaka mpya bila aibu yoyote. Dada mwenyewe anafanya usafi katika jengo moja la Umoja wa Ulaya, ambako kazi huendeshwa kwa lugha 24. Ukizipitia, utakuta Wajerumani nao wana fedha ya kinywaji, Wapoland wana napiwek, iliyotokana na bia, Wahispania wana propina, inayotoka kwenye neno la kale la kunywa kwa kumtakia mwenzio afya, na Wareno, walipomwachia Mkongo mata-bicho, wao wenyewe walibaki na gorjeta, ambayo asili yake ni koo. Warusi, walio nje ya lugha hizo 24, wanasema na chai. Kwa ajili ya chai! Hawa wote hawakukusudia kuficha wizi. Waliona haya kumwekea mtu sarafu kiganjani kama anayelipa deni, wakasema: kanywe.

DADA WA KISUMU: Na wakishasema kanywe, anakuja mwingine kusema kiu yangu ni kubwa.

MWANDISHI: Ni kweli. Wafaransa wana pot-de-vin, mtungi wa divai. Zamani ulikuwa kitu cha kufungia biashara, cha wazi, mbele ya watu. Leo maana yake ni rushwa na si kitu kingine. Na bakshishi ya Mzee imepata ajali hiyo hiyo. Istanbul ni ya mhudumu wa mgahawa. Kwenye magazeti ya Kifaransa bakchich ni rushwa. Na kule ilikozaliwa, Uajemi, neno hilo leo ni ukarimu na msamaha; hela ya mhudumu wanaiita jina jingine kabisa, an'am.

MZEE WA MOMBASA: Basi nami niseme kweli yangu, hata kama yanivunjia hoja. Rushwa ni Kiarabu. Mwanachuoni Ibn al-Athir alieleza kwamba asili yake ni rishaa, kamba ya kuteremshia ndoo kisimani. Una kiu, maji yako chini, huna namna ya kuyafikia ila kwa kamba. Ndiyo rushwa: kamba ya mtu aliyezuiliwa maji. Na hongo, hilo letu wenyewe, halikuwa uchafu. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ikipita Ugogo iliwalipa watemi hongo, nguo na shanga, kwa ajili ya maji na njia. Wasafiri wa Kizungu walinung'unika: Burton alinung'unika kitabuni, Speke akanung'unika, Stanley akanung'unika. Lakini mwenye nchi alikuwa atoza ushuru wake katika nchi yake. Leo hongo ni kosa la jinai.

KIJANA WA MTWARA: Na kuhonga, Mzee wangu? Dar kijana akimnunulia mchumba simu wanasema amehonga.

MZEE WA MOMBASA: Hilo mwanangu tuliache.

MWANDISHI: Tanzania tulikuwa na neno zuri kuliko yote: takrima, lenye ukarimu ndani yake. Mwaka 2000 likaingia kwenye sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaliondoa kwa kuwa linapingana na Katiba. Miaka sita tu. Sasa ukimwambia mtu takrima anacheka, na neno lenyewe halikuwa na kosa.

Mpaka hapo Papa wa Lubumbashi alikuwa anasikiliza huku akizungusha kofia yake mezani. Aliposema tena alisema polepole, na sote tuliacha kula.

PAPA WA LUBUMBASHI: Nyie munazungumza maana mbili, ile ya Mama na ile ya askari. Katikati iko ya tatu, na mimi nimekulia ndani yake. Kule mdomo wa mto, kwenye nyumba za biashara za Banana na Boma, mwenye mali akifika alipewa kwanza tone, mata-bicho, ndipo bei itajwe. Tone lilitangulia bei. Baadaye ikaja dola ya Mfalme Leopold mwaka 1885, kisha Ubelgiji wenyewe mwaka 1908, na neno likaingia kwenye Kifaransa cha wazungu: matabiche. Kitu bwana anampa mtu wake juu ya posho. Chumvi, kitambaa, sigara. Baba yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, kambini tulizaliwa sote. Alituambia: mshahara unauhesabu, matabishi unayashukuru. Mshahara ukipungua una haki ya kusema. Matabishi yakipungua utasema nini? Yalikuwa zawadi. Sasa sikilizeni. Desemba 1941, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, watu wa Union Minière waliacha kazi. Walidai mshahara, hawakudai matabishi. Tarehe 9 wakakusanyika uwanja wa mpira, na askari wakapiga risasi. Walikufa makumi. Kama wangeomba sigara wangepewa.

Hakuna aliyejibu. Mama wa Bukavu alisukuma sahani yake kando. Mimi nilifikiria jinsi alivyosema Papa kwamba tone lilitangulia bei, kwani hapo ndipo niliposikia kitu nilichokuwa nakitafuta tangu siku ile ya pilipili. Konzi ya Mama inakuja baada ya kulipa, na inatoka kwa yule aliyeshika kopo kwenda kwa mwenye mfuko. Mnunuzi hana tena anachoweza kunyang'anywa. Hela ya askari inakuja kabla ya gari kupita, na inatoka kwa mwenye shida kwenda kwa mwenye rungu. Sigara ya bwana wa kambi inashuka kutoka juu kama konzi ya Mama, lakini inakaa mahali pa deni lisilolipwa. Neno halikuharibika lenyewe safarini. Limebeba vitu vitatu kwa uaminifu, na kamusi inayotaka kuwa ya kweli haina budi kuvitaja vyote vitatu, pamoja na nani anampa nani, na lini.

DADA WA KISUMU: Hapo naweza kukaa na nyinyi. Lakini maana ya askari iandikwe rushwa, kwa herufi zake. Isiandikwe zawadi ndogo, isiandikwe shukrani.

MAMA WA BUKAVU: Na yangu isiwekwe chini ya hiyo. Mwisho wa mwezi anafika mama na watoto watatu, anahesabu sarafu mbele yangu. Hana nguvu ya kuniomba mkopo, ana haya. Lakini matabishi anaweza kuomba, sababu matabishi kila mutu anaomba, hata mwenye pesa. Siku hiyo konzi yangu inakuwa kubwa, na hakuna anayejua ila mimi na yeye. Mukichafua hilo neno, huyo mama ataomba kwa neno gani?

MZEE WA MOMBASA: Nimefahamu utamu wake na uchungu wake. Lakini bado hamkunijibu: ni Kiswahili? Neno la Kireno lililokaa Kongo laweza kuwa la Kikongo, la Kilingala, la Kifaransa cha wazungu. Kiswahili kina mipaka.

MWANDISHI: Mzee wangu, tazama lilivyoshikwa na ngeli. Mata ilikuwa kitenzi, ua. Masikio yetu yakasikia ma, na ma kwetu ni ya wingi, kama madawa, kama madeni. Mama anasema matabishi yangu yako wapi. Hasemi matabishi yangu iko wapi. Ndivyo tulivyofanya kwa kitabu, ki ya Kiarabu tukaifanya ki yetu, tukapata vitabu. Ndivyo tulivyofanya kwa kipilefti, tukapata vipilefti. Kitenzi cha kuua kimefia ndani ya kiambishi. Kireno kisingeweza kufanya hivyo, wala Kifaransa.

MZEE WA MOMBASA: Ngeli ni ushahidi, sikatai. Lakini lugha ina wenyewe.

PAPA WA LUBUMBASHI: Muzee wangu, nikuulize kwa heshima. Kiswahili kilifikaje kwetu?

MZEE WA MOMBASA: Kwa misafara.

PAPA WA LUBUMBASHI: Kwa misafara. Tippu Tip na watu wake, njia ya Nyangwe. Kwetu Katanga, mpaka Bunkeya kwa Msiri, ambako misafara yenu ilikutana na ile ya Angola, Kiswahili na Kireno kwenye uwanja mmoja. Walikuja kutafuta pembe, na walichukua na watu. Hamkutuuliza kama tunataka lugha hiyo. Kisha kampuni ikaifanya lugha ya kambi, nayo haikutuuliza. Sisi tukaichukua, tukaizalia watoto, tukaizikia wazee. Leo watoto wenyewe munawauliza cheti cha kuzaliwa?

Mzee wa Mombasa alinyamaza muda mrefu. Nje mvua ilikuwa imeanza, na watu wa Rue Longue Vie walikuwa wanaingiza viti ndani. Nilidhani ameudhika. Hatimaye alitoa kalamu mfukoni mwa koti, akachukua risiti ya duka iliyokuwa kando ya sahani yangu, akaigeuza.

"Nisomee, binti yangu," akamwambia Dada. "Mimi naandika."

Walibishana tena, sasa wakiwa wameinamia karatasi moja. Kijana wa Mtwara alitaka mkate wa Palma uwe maana ya nne. Tulimwambia hiyo ni haki ya Wamsumbiji, akakubali iwekwe kwenye asili ya neno, pamoja na mdudu. Mama alikataa mfano wowote wa sentensi usiokuwa na soko ndani yake. Nusu saa baadaye risiti ilisomeka hivi:

*matabishi* nm [ya-] 1. kitu anachoongeza muuzaji kwa hiari yake baada ya mteja kulipa: *Mama, nitilie matabishi.* 2. kitu ambacho mwajiri humpa mfanyakazi badala ya kumwongezea mshahara. 3. rushwa anayodai mwenye madaraka kabla ya kutoa huduma. [Kre. *mata-bicho*, ua-mdudu: pombe au chakula cha asubuhi]

Papa wa Lubumbashi aliomba kalamu. Alivaa miwani yake, akatafuta maana ya pili kwa ncha ya kidole, na mbele yake akaandika 1941.

"Papa," nikamwambia, "kamusi haiweki miaka."

"Hii itaweka," akasema, akamrudishia Mzee kalamu yake.